Mhudumu Lidia Alitetea

Habari hii niliipata kwa Lidia mwenyewe, Kwaresima ya mwaka jana, siku tatu mfululizo tukichambua maharage ukumbini kwangu. Neno la Kiingereza lililomo aliliandika yeye kwa kalamu nyuma ya kalenda, nami nimelinakili herufi kwa herufi kama lilivyo.

Lidia alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi kwenye kituo kimoja cha afya cha watu binafsi, Mpanda mjini. Kazi yake ilikuwa kubadilisha mashuka, kuchemsha vifaa, na kumshika mama mkono pale anaposukuma. Alikuwa anamaliza mwaka wa nne akiwa kibarua. Kila mwaka waliambiwa ajira za kudumu zinakuja, na kila mwaka zilikuja kwa mtu mwingine.

Kazini walimjua kuwa ni Mfipa wa Namanyere. Hakuwa Mfipa. Alizaliwa Katumba, kwenye vijiji walikopelekwa watu waliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili. Mama yake, Capitoline, alifika huko akiwa binti wa miaka kumi, amebeba sufuria kichwani. Uraia walipewa baadaye, na karatasi ipo, imezungushiwa nailoni ndani ya sanduku la bati. Lakini karatasi ina lake na midomo ya watu ina lake. Lidia alipoomba kazi mjini mara ya kwanza aliandika Katumba, na mpokea fomu akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Nyie wakimbizi mbona mmekuwa wengi hivi?" Mara ya pili akaandika Namanyere. Akapata. Tangu siku hiyo akawa Mfipa. Alijifunza salamu mbili tatu za Kifipa, na mtu akiendelea na ya nne, Lidia anajifanya simu yake inaita.

Nyumbani kwake Makanyagio, vyumba viwili vya kupanga, hakumkaribisha mtu wa kazini hata mmoja, kwa sababu ndani alikuwemo Capitoline, na Capitoline akifungua mdomo Katumba nzima inatoka.

Kitu kingine Lidia alichojifunza ni kucheka. Wodini masihara hayaishi, na mengi yalikuwa juu ya akina mama wanaokuja kujifungua kutoka vijiji vile, wanavyoongea, majina yao, vitenge vyao. Lidia aligundua mapema kwamba anayecheka wa kwanza haulizwi kitu. Basi likitupwa neno, yeye ndiye anaanza. Na hakucheka kicheko chake cha kuzaliwa nacho. Alikitoa kooni, kikavu, kimekatika-katika, ke-ke-ke-keee, mwishoni kinapanda juu kama mtu anayepasua kibati. Wenzake walikipenda. Walisema Lidia hana makuu.

Sasa ikawa Ijumaa moja, saa nane mchana, ikaja pikipiki imembeba binti anaitwa Joséline, mimba yake ya kwanza, amekaa katikati, nyuma ameshikwa na mama mkwe. Nesi wa zamu alikuwa Recho. Recho hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa, alikuwa mtu aliyechoka akazoea kuchoka. Akampima, akasema bado sana, akarudi kwenye kiti chake na simu yake. Mama mkwe akaambiwa asubiri nje, getini.

Ilipofika saa kumi Joséline akaanza kulia. Alikuwa anaita, "Mawe, mawe wee, ndapfuye." Anaita hivyo hivyo, anashika chuma cha kitanda.

Recho akainua macho kwenye simu. "Anataka mawe ya nini huyu? Anajenga?"

Lidia alikuwa anakunja mashuka. Alielewa kila neno. Mawe kwa Kirundi ni mama. Binti alikuwa anamwita mama yake, na anasema nakufa. Lidia alielewa kabla hata ya Recho kumaliza kuuliza.

"We Lidia," Recho akasema, "kamwambie hapa tuna pamba tu, mawe ayafuate mlimani."

Lidia akacheka. Ke-ke-ke-keee. Joséline aligeuza uso akamtazama, jasho linamtiririka, akanyamaza kidogo, halafu akaendelea kuita, sasa kwa sauti ndogo, kama mtu aliyegonga mlango akajua wenye nyumba wamo na hawafungui.

Aliyeingia ni Dafrosa, mfanya usafi, mama mtu mzima, Mbende wa hapa hapa, mjane. Alikuwa na dekio mkononi. Alisimama mlangoni akamsikiliza yule binti, kisha akalibwaga dekio chini.

"Nesi, inuka," akasema. "Inuka kwenye kiti hicho, mtu anakufa hapa."

"Dafrosa, deki."

"Sideki. Inuka au nikuinue mimi. Umeumbwa na nini wewe? Nasema inuka." Na sauti ya Dafrosa ilifika getini, ikafika barabarani, wauza nyanya ng'ambo wakasimama.

Kumbe nyuma yake, kwenye korido, alikuwa amesimama Daktari Margrit, mama wa Kizungu aliyekuja kujitolea mwezi mmoja, Kiswahili chake ni cha kusalimia na kuomba chai. Alikuwa ameona yote tangu yale ya mawe. Aliingia mbio. Joséline walimwokoa. Mtoto alitoka hana pumzi, na hakuipata; alikuwa wa kiume.

Jumapili Daktari Margrit akaondoka, mwezi wake ulikwisha. Aliacha taarifa ya kurasa mbili, kwa mkono, kwa Kiingereza.

Jumatano kamati ya kituo ikakaa. Mwenyekiti alikuwa mzee Damiano, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kashaulili. Katibu alikuwa Mwalimu Deogratias, mstaafu, aliyefundisha shule za msingi miaka thelathini na moja, na ndiye aliyepewa taarifa aitafsiri, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyethubutu. Alikuja na kamusi yake ya mfukoni, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi. Lidia, Recho na Dafrosa walikaa kwenye benchi la ukutani.

Mwalimu akasoma pole pole, sentensi kwa sentensi. Nesi alichelewa. Nesi alikuwa na simu. Recho akainamisha kichwa. Halafu Mwalimu akafika ukurasa wa pili, akasimama.

"When the patient cried out, the attendant Lidia cackled," akasoma. "Mgonjwa alipolia, mhudumu Lidia... kakodi. Kakoledi. Hili neno la kitaalamu kidogo, mniwie radhi." Akalamba kidole, akafunua kamusi, akashuka nalo kwa ukucha. Kamusi ilikuwa ndogo, kila neno limepewa jibu moja tu. "Hili hapa. Tetea." Akavua miwani. "Mgonjwa alipolia, mhudumu Lidia alitetea."

Mzee Damiano akaitikia, "Alitetea."

"Alitetea. Na inaendelea: mfanya usafi Dafrosa alimpigia kelele nesi."

Lidia anasema alishika ukingo wa benchi. Alidhani labda Mzungu alikosea. Labda alisikia kile kicheko akadhani ni kilio. Labda Mungu amemfunika. Mtu akitupiwa kamba akiwa majini hachunguzi imesokotwa na nani.

"Dafrosa," mwenyekiti akasema, "ulipiga kelele au hukupiga?"

"Nilipiga."

"Mbele ya wagonjwa?"

"Mbele ya wagonjwa, mwenyekiti. Alikuwepo mmoja, ndiye aliyekuwa anakufa."

"Jibu ulichoulizwa, mama. Hapa una onyo la mwaka juzi, ulijibizana na mfamasia. Kituo hiki si soko."

Hawakumuuliza lingine. Recho akapewa barua ya onyo na kuhamishiwa dirisha la kadi. Dafrosa akaambiwa arudishe buti za mpira na ufunguo wa stoo. Na Lidia akaambiwa asimame, kamati ikampigia makofi, mwenyekiti akasema watumishi wa namna hii ndio ajira ya kudumu ilikuwa inawasubiri, na kwamba barua yake itachapwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Walipotoka nje Recho akamvuta kiwiko. "Shoga, hivi siku ile ulimtetea nani? Mimi au yule wa mawe?"

Lidia akachomoa kiwiko. Dafrosa alikuwa anavua buti kwenye ngazi, moja moja, anazipanga. Hakumtazama mtu.

Siku tatu Lidia alitembea na lile neno kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima, inamkaa vizuri na anaogopa kuinama. Jumamosi asubuhi alikuwa nyumbani anaosha vyombo. Capitoline alikuwa na kuku watatu, na mmoja akatoka mbio chini ya kitanda, akasimama uani, akaanza, ke-ke-ke-keee.

"Kuku huyo anatetea," Capitoline akasema kutoka ndani. "Katazame yai kabla jirani hajaliona."

"Anatetea nini?" Lidia akauliza, akili haipo.

"Mwanangu, umekuwa wa mjini kiasi hicho? Kuku akitaga anatetea. Unataka nimwite wakili?"

Sufuria ilimponyoka Lidia mkononi. Kuku alikuwa bado anaendelea, shingo ameinyoosha, ke-ke-ke-keee, na ile sauti Lidia aliijua. Ilikuwa ya kwake.

Hata hivyo mtu hutafuta mlango wa kutokea. Akafunga kanga, akashuka mpaka Kashaulili, kwenye duka la madaftari la kijana anaitwa Patrick. Aliomba kamusi kubwa, ile nene. Akamwambia atafute neno, akamtajia herufi alizozikariri siku ya kamati, Mwalimu alipokuwa anazitamka moja moja akitafuta.

Patrick akalipata. "Cackle. Moja, mlio wa kuku anapotaga, kutetea. Mbili, kicheko kikali, cha kuudhi, cha kumcheka mtu aliyepatwa na shida." Akasogeza kitabu kwenye mwanga. "Na wameweka mfano. Mchawi alicheka namna hiyo alipomwona mtoto amenaswa." Akafunga. "Neno baya, dada. Unanunua?"

"Nilitaka hilo moja tu."

"Sasa maneno hatuuzi moja moja."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Deogratias. Alimkuta amekaa barazani anasikiliza redio. Alipiga magoti kidogo, akamwamkia, akasema, "Baba Mwalimu, lile neno siyo kutetea kwa kusaidia. Ni kutetea kwa kuku. Ni kicheko. Mimi nilimcheka yule mama. Dafrosa ndiye aliyemtetea."

Mwalimu akapunguza redio. Lidia anasema aliona kabisa usoni kwamba ameelewa, na ameelewa haraka, maana alikuwa Mswahili wa kijijini, amefuga kuku maisha yake yote.

"Nani amekwambia?"

"Kamusi kubwa. Ya dukani."

"Ya dukani," Mwalimu akasema. "Mwanangu, taarifa nimeshaichapa kwa Kiswahili. Mwenyekiti ametia sahihi. Imepelekwa kwa wenye kituo. Sasa mimi niende niseme nini? Kwamba Mwalimu Deogratias, miaka thelathini na moja na chaki, ameshindwa neno la kuku?"

"Dafrosa hana kazi, Baba."

"Na wewe unayo. Wewe ni wa ajabu kidogo. Mtu anavishwa taji anataka kulikagua." Akaongeza redio. "Nenda ukapumzike. Nyie wa siku hizi dhamira zenu zinawasumbua kwa vitu vilivyokwisha kaa sawa."

Basi akaenda kwa Dafrosa. Dafrosa alikuwa amepata kibarua cha kuosha vyombo kwa mama ntilie nyuma ya soko, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono mpaka kwenye kiwiko ndani ya povu. Lidia alisimama mbele yake kama mwanafunzi, akamweleza la kamusi, la kuku, la Mwalimu. Dafrosa aliosha sahani zote huku anamsikiliza.

"Mimi hayo ya Kiingereza siyajui," akasema. "Ila kucheka nilikusikia tangu nikiwa koridoni."

"Kwa nini hukusema kwenye kamati?"

"Waliniuliza?" Akasuuza kikombe. "Nilijua utasema mwenyewe. Nilikungoja uniangalie, hukuniangalia."

Lidia akachuchumaa karibu na ndoo.

"Hebu nijibu," Dafrosa akasema. "Yule binti alikuwa anasema nini? Maana yale mawe yananijia mpaka leo, nikiwa napika, nikiwa njiani."

Lidia angeweza kusema sijui. Miaka minne alikuwa anasema sijui. "Alikuwa anamwita mama yake," akasema. "Mawe ni mama. Na ndapfuye, ni kusema nakufa."

Dafrosa akaacha vyombo. Akatoa mikono kwenye maji, ikining'inia inadondosha povu.

"Umejuaje?"

"Mimi ni wa Katumba, mama. Ni lugha ya kwetu."

Kulikuwa na kelele za soko, mtu anaita bei ya dagaa kwenye spika. Dafrosa alimtazama muda mrefu, na macho yake hayakuwa na hasira, na Lidia anasema bora yangekuwa nayo.

"Mimi sikuelewa hata neno nikapiga kelele," Dafrosa akasema. "Wewe ulielewa yote. Wewe ndiye ulicheka."

"Niliogopa watanijua."

"Sasa wamekujua?"

"Hawajanijua."

"Basi imekusaidia." Dafrosa akarudisha mikono majini. "Mwalimu Deogratias si kamati. Kamati inakaa tena Alhamisi saa nne. Mimi mlango wao siupiti, wewe bado unaupita."

Alhamisi saa nne Lidia akaupita. Alikuwa amevaa sare yake, ameipiga pasi. Barua ya ajira ilikuwa mezani mbele ya mzee Damiano, imewekwa kwenye bahasha ya kaki, jina lake limechapwa. Mwenyekiti alifikiri amekuja kuipokea, akaanza kuinuka na kunyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kabla sijapewa," Lidia akasema, "naomba kusema."

Akasema yote. Mwalimu Deogratias alikuwa anaandika muhtasari, na kalamu yake ikasimama hewani. Lidia hakumtaja kwa ubaya, alisema tu neno lina maana mbili na siku ile ilisomwa moja. Akasema yeye alicheka. Akasema Dafrosa ndiye aliyetetea, na anaomba arudishiwe kazi yake.

Wanakamati wakatazamana. Mzee Damiano akasema, "Lakini binti, kwa nini umcheke mgonjwa? Hatukujui hivyo."

"Kwa sababu alikuwa anaita kwa Kirundi, mwenyekiti. Nilielewa anachosema, na sikutaka ijulikane kwamba naelewa."

"Wewe Mfipa umeelewaje Kirundi?"

"Mimi si Mfipa. Ni wa Katumba. Wazazi wangu walitoka Burundi."

Mjumbe mmoja akasogeza kiti chake, kidogo tu, kama anayetafuta kivuli. Na hapo Mwalimu Deogratias akapata pumzi. Lidia anasema alimwona kabisa anapata pumzi, mabega yakashuka, miwani ikarudi machoni.

"Basi mwenyekiti," Mwalimu akasema, "mimi naona jambo limejieleza lenyewe. Tulikuwa tunajiuliza kwa nini mhudumu amtetee mgonjwa asiyemjua. Kumbe ni mtu wa kwao. Damu nzito. Alimtetea mwenzake. Hayo mengine ni unyenyekevu wake, na pengine anamwonea huruma yule mama wa usafi, jambo zuri pia."

"Aa," mzee Damiano akasema, na uso wake ukafunguka. "Sasa nimeelewa. Ni wa kwao."

"Sikumtetea," Lidia akasema.

"Ulimtetea, mwanangu, imeandikwa. Mzungu hana ugomvi na mtu, akuandikie uongo kwa nini? Na hilo la kabila usiwe na shaka, hapa hatubagui."

"Nilimcheka."

"Kucheka kwa wasiwasi, inatokea," mjumbe mwingine akasema. "Hata mimi msibani."

Lidia akaona maneno yamekwisha. Kila alilotoa walilipokea, wakaligeuza, wakampigilia nalo pale pale. Ukweli wake wote ulikuwa umegeuka shahidi wa uongo. Basi akasimama wima, akaweka mkono kifuani kama siku ile alipokuwa anakunja mashuka, akawatazama, akacheka.

Ke-ke-ke-keee.

Alikitoa chote. Alikitoa kama alivyokitoa Ijumaa ile, kikavu, kutoka kooni, kinapanda, na kilipofika juu hakukikata. Akakirudia. Mwanakamati wa kike akashika shanga zake. Mzee Damiano alirudi nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta. Koridoni wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza, mtoto akaanza kulia, na kwenye dirisha la kadi Recho alisimamisha muhuri mkononi.

"Hivyo," Lidia akasema, anahema. "Mtu anakufa, anamwita mama yake, na mimi nilifanya hivyo. Hilo ndilo neno."

Mzee Damiano akarudisha kiti mezani. "Umetukosea adabu. Hii ni kamati. Wewe binti unakuja kutucheka sisi, watu wazima?"

"Nimewaonyesha, mwenyekiti."

"Umetucheka. Mwalimu, andika."

Mwalimu Deogratias akaandika, akisema kwa sauti maneno anayoyaandika: mhudumu Lidia aliangua kicheko cha dharau mbele ya kamati.

"Kwa Kiingereza utaandikaje hapo, Baba Mwalimu?" Lidia akauliza.

Kalamu ilisimama kidogo. Halafu ikaendelea.

Ile bahasha ya kaki mwenyekiti akaivuta kwake, akaichana katikati, na vipande akavikunja ndani ya kiganja. Lidia akaambiwa arudishe sare Jumatatu, imefuliwa. Kuhusu Dafrosa alijibiwa kwamba nafasi ile ameshapewa binti anaitwa Doto, anaifanya vizuri na hana mdomo. Kuhusu taarifa, alijibiwa kwamba faili limefungwa. Mpaka ananisimulia lilikuwa bado limefungwa, na ndani yake Lidia bado alitetea.

Getini Recho alimfuata. "Ungenyamaza tu," akasema, na hakuwa na kejeli safari hii. "Mimi nilinyamaza. Sasa umepata nini?"

"Sijapata kitu."

"Na Dafrosa amepata nini?"

Lidia akapita.

Alifika Makanyagio saa sita na nusu, jua la utosi. Capitoline alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha juani kwa ajili ya magoti yake. Aliona uso wa mwanawe akasogea kumpisha, na Lidia akakaa pale pale chini, na sare yake iliyopigwa pasi, akamsimulia mwanzo hadi mwisho. Hakumficha hata lile la Namanyere. Capitoline hakuwa analijua.

"Miaka minne," Capitoline akasema.

"Miaka minne."

"Ndiyo maana hawaji kukusalimia wenzako. Nilidhani una gubu."

Akachezea pindo la kitenge chake. Kisha akauliza, "Umekwenda kwa mwalimu?"

"Nilikwenda."

"Na kwa Dafrosa."

"Nilikwenda."

"Na kamati. Na dukani kwa mwenye vitabu." Alihesabu kwa vidole, akabakiwa na kimoja, akakishika. "Na kwa yule binti aliyezika?"

Katika siku zote zile, njia zote zile, hiyo Lidia hakuikumbuka. Aliwaza kazi ya Dafrosa, akawaza neno, akawaza jina lake lisafishwe au lichafuliwe vile inavyostahili. Joséline alikuwa kijijini, kilomita chache tu, pikipiki haifiki nusu saa. Hakuna aliyekuwa amempelekea hata pole.

"Sijui nitamwambia nini," akasema.

"Kwa lugha gani?" Capitoline akauliza, na hakungoja jibu. Akajishika kwenye fremu ya mlango, akajiinua kwa taabu, akaingia ndani. Kitanda kikalia. Muda si mrefu akawa anakoroma, usingizi wake wa mchana ambao hata mvua ya mawe haiuvunji.

Lidia akabaki kizingitini. Alijaribu kupanga maneno, pole ya Kirundi aliyokuwa akiisikia utotoni watu wakiingia nyumba yenye msiba, na yakamjia nusu nusu, mengine yamepotea. Alijaribu kuyasema kwa sauti ya chini. Koo lilikuwa limekwaruzika kwa kile kicheko, kila neno likatoka na mikwaruzo yake. Akajaribu tena. Mwishowe akaingia, akavua sare, akaikunja, akajilaza kwenye mkeka kando ya kitanda cha mama yake, akageukia ukutani. Alikaa macho muda mrefu mchana ule, anasikia bodaboda zinapita, anasikia mama anakoroma, midomo yake inacheza na maneno ya pole. Kwenye saa tisa midomo ikatulia, akalala.